Tangazo la Lama

Studio yetu ilikuwa stoo ya viazi.
Ukutani trei za mayai, mablanketi mekundu,
mtambo mmoja, betri ya lori,
na antena tuliyoifunga kwa waya wa kuanikia nguo,
hapa Puka Pampa, juu ya mgodi wa bati,
mahali ambapo maji huchelewa kuchemka
na watu huchelewa kusema.

Tangazo moja, viazi kumi.
Au mayai mawili. Au deni.
Daftari la madeni lilikuwa nene kuliko la habari.

Wenceslao, mkeo anasema usisahau chumvi.
Ukoo wa Choque, maiti anashuka kesho, washeni jiko.
Aliyeokota kiatu cha mtoto, cha kushoto,
akirudishe: cha kulia kinalia.

Jumanne hiyo mvua ya mawe ilipiga paa
hata sikujisikia nikitaja saa.
Bibi Gumercinda Yucra akaingia,
akavua kofia, akaivaa tena
(hasemi na watu kichwa wazi),
akakisalimu kipaza sauti,
akanyamaza.

Sema, bibi.
Akasema: Mpaka waitikie.

Tulingoja. Sijui alisikia nini.
Kisha akaanza, kwa Kikechua,
lugha niliyopigiwa magoti kokotoni darasa la pili,
lugha ambayo mwenyewe, hewani, niliitumia
kwa salamu tu na mazishi.

Lama wangu amepotea.
Mweupe. Uzi wa kijani sikio la kushoto.
Anaitwa Sisa.

Nikaandika: lama, mweupe, uzi, Sisa.
Viazi vyake kumi vilikuwa mezani, vimeoshwa.

Hapana, akasema. Nimesema vibaya.
Hakupotea. Najua alipo.
Amelala kando ya mto, chini ya bomba la kampuni,
tumbo limevimba kama gunia la pamba.
Ni wa tatu tangu mavuno.
Sikuja kumtafuta.
Nimekuja kuuliza: nani mwingine?

Sasa nitakwambia jambo ambalo siku hizi,
wageni wakija na kamera, silisemi.
Yale mabati yaliyopigwa na mvua ya mawe
tulipewa na kampuni.
Kidole changu kilikuwa juu ya swichi.
Watu husema nilikuwa jasiri.
Kidole kilikuwa na baridi,
hakikunyanyuka, hakikubonyeza,
na katika uzembe huo yeye akamaliza,
akashusha shali, akatoka.

Nikabaki na ukimya hewani.
Tulifundishwa kwamba ukimya redioni ni dhambi,
weka muziki, weka chochote, hata kikohozi.
Sikuweka.

Wa kwanza kubisha alikuwa kijana wa Ticona,
amelowa, na kikaratasi:
Wawili. Mto uleule.
Kisha mjane wa juu kanisani: kondoo wanne, na mtoto ana vipele.
Kisha mchimbaji, uso bado mweusi wa zamu,
hakutaja jina, alitaja saa
bomba linapofunguliwa usiku.
Nilisoma mpaka betri ikaanza kunimeza sauti.
Arobaini na moja.
Hakuna aliyetaka risiti.

Alhamisi ikaja barua ya kampuni,
Kihispania kilichopigwa pasi, mihuri mitatu.
Nikaisoma hewani, yote, pamoja na mihuri,
kisha nikaitafsiri polepole
ili hata mbwa wa Puka Pampa waelewe.
Halafu nikafungua daftari,
chini ya Wenceslao na chumvi yake,
nikaandika: Kampuni. Tangazo moja. Viazi kumi.

Hawajalipa.

Walikuja watu wa chupa, wakachota maji, wakaondoka.
Mto bado una rangi ya chai iliyolala.
Siku za gulio bibi hupita,
hafiki ndani, husimama mlangoni na mzigo mgongoni:

Wameitikia?

Nami humsogezea kiti,
nawasha mtambo,
na kumwonyesha foleni nyuma yake.